Kopo la Bibi Ng'washi

Kiseke, Mwanza
4 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Yeremia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nansio, wewe na Bibi Ng'washi. Sisi huku hatujambo. Gladness ameingia darasa la nne na ameanza kunisahihisha ninavyoongea, kwa hiyo damu yako imefika hadi kwa wajukuu. Barabara ya kwetu imekuwa tope tupu, lakini tunapita.

Juzi mwenzangu wa maabara alinikuta naandika barua akaniuliza kama mjomba wangu hana simu. Nikamwambia anazo mbili, na zote anazitumia kuulizia kama barua imefika. Hawezi kuelewa kwamba ulipobeba ada yangu baada ya mama kufariki uliweka sharti moja tu: kila mwezi barua moja, na kila barua inirudie ikiwa na wino mwekundu. Nina miaka thelathini na nne, Mjomba. Hadi leo nikifungua bahasha yako nahesabu kwanza makosa, ndipo nasoma habari.

Sasa niingie kwenye shabaha. Nimechaguliwa kuwa katibu wa Kamati ya Matumizi Sahihi ya Dawa hapa hospitalini. Usicheke. Tunakutana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na safari hii tumekubaliana kwamba kila mjumbe aanzie kwa watu wake. Watu wangu ni wewe.

Kwanza, nakurudishia vidonge kumi vya rangi mbili ulivyomtumia Gladness kwa kapteni wa meli. Asante sana, ila mtoto ana mafua, na mafua hayasikii dawa ya bakteria. Pili, nakuomba uache kuwauzia wavuvi vidonge vinnevinne hapo kwenye duka lako la dawa. Mtu akimeza nusu ya dozi, vimelea dhaifu vinakufa na vile vikakamavu vinabaki peke yao, vinazaana, na watoto wao wanazaliwa wakiwa wameshaijua dawa. Mimi naviona kila siku. Navipandikiza kwenye sahani, naweka juu yake vikaratasi kumi na viwili vilivyoloweshwa dawa tofauti, kisha nangoja. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni ya karatasi yake. Nilipoanza kazi sahani zilijaa duara. Siku hizi natafuta duara kama mtu aliyedondosha sindano.

Tatu ni kopo. Mjomba, naomba kopo la Bibi litupwe. Ukoo mzima tukiugua tunameza dawa hadi tunapopata nafuu, halafu zinazobaki tunampelekea Bibi atie kwenye kopo la maziwa ya unga, asubiriwe mgonjwa mwingine. Ninajua ni utaratibu wetu wa tangu zamani. Kama katibu, naona aibu.

Msalimie Bibi, umwambie nampenda.

Mpwa wako,
Selina


Nansio, Ukerewe
27 Februari 2024

Mpwa wangu Selina,

Marahaba. Tumeipokea barua yako, na tumeisoma kwa sauti, mimi nikisoma na Bibi yako akiguna. Tu wazima. Dagaa wamepungua, kelele za kanisa jirani zimeongezeka. Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Ina makosa saba, ambayo kwa mtu wa ofisi kubwa kama wewe si mengi. Kwenye ukurasa wa pili umeandika "asubiriwe mgonjwa mwingine" kana kwamba familia yetu inamngoja mgonjwa kwa hamu. Nimelizungushia.

Nakupongeza kwa ukatibu. Nilifundisha miaka thelathini na moja, nikahudhuria vikao vingi, na sikumbuki kikao kilichomaliza tatizo, ila nakumbuka maandazi.

Kuhusu wavuvi. Mvuvi akisimama dirishani kwangu anasema, "Mwalimu, nipe nne." Namwambia dozi ni ishirini na moja. Ananiangalia kwa huruma, ananiambia, "Mwalimu, mimi naumwa kidogo tu." Nikimnyima anavuka barabara kwa Obedi, ambaye anauza hata mbili, na anakupa na kikombe cha maji ya kumezea. Kwa hiyo mimi na Obedi tunafanya dhambi moja, isipokuwa yeye anaifanya kwa ukarimu zaidi.

Lakini nikuulize na mimi, katibu. Mwaka juzi nilikuja hapo kwenu kumwona rafiki yangu aliyevunjika nyonga. Nikaona muuguzi anapita na sinia, wodi nzima inadungwa sindano ileile ya kuua vimelea, seftriaksoni, mwenye kidonda, mwenye goti, mwenye busha. Mimi nilinusurika kwa sababu nilikuwa nimesimama. Nikamuuliza kijana wa kitanda cha pili anaumwa nini, akasema bado wanachunguza. Sasa mvuvi wangu wa vidonge vinne na huyo daktari wenu wa sindano kwa wote, nani anavifundisha vimelea zaidi? Yule wangu anavipa somo la nusu saa. Nyie mmevifungulia chuo.

Kopo halitupwi. Bibi yako amesema yeye alilelewa asitupe chakula, na dawa ni kubwa kuliko chakula. Amesema pia kwamba ulipokuwa na miaka sita kopo hilohilo ndilo lililokuponya sikio. Mimi nadhani sikio lilipona lenyewe, ila sikusema, maana ni mama yangu na naishi naye.

Siku hizi nauza nikiwa nimekaa. Nimetengenezewa kigoda kizuri sana, cha mbao ya mninga.

Wako mjomba,
Yeremia


Kiseke, Mwanza
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Gladness anakusalimu, anasema ulisahau nukta mahali fulani na amefurahi sana.

Nilisoma kuhusu kigoda mara tatu. Miaka ishirini na zaidi ya kukuandikia hukuwahi kunisimulia samani. Kwa hiyo nilimpigia Bibi simu, na najua ni kinyume cha sharti. Nilimuuliza hali yako akasema, "Mjomba wako mzima kabisa, ila anavaa kandambili moja."

Nikamuuliza nyingine iko wapi. Akasema mguu haupiti.

Ndipo akanieleza. Kwamba mwezi wa kwanza ulichomwa na mwiba wa samaki, sato, hapo mwaloni wavuvi wanaposhushia. Kwamba ulimeza vidonge vitatu vya rangi mbili vya kopo, kisha Septrini mbili, kisha kimoja cheupe kisicho na jina ambacho Bibi anakiamini kwa sababu ni kikubwa. Kwamba kidonda kimefika kwenye kifundo na kinatoa usaha. Mjomba, wewe una cheti cha kozi ya wauza dawa, kimewekwa kwenye fremu juu ya dirisha lako. Ulikuwa unakiangalia ukimeza?

Njoo. Nitakupokea bandarini. Nitachukua usaha kidogo niuoteshe, tujue ni vimelea gani na vinakufa kwa dawa gani, kabla mtu yeyote hajakudunga kitu. Nakuahidi kwamba kwako tutafanya kama kitabu kinavyosema. Usilete kopo.

Ninaogopa, Mjomba, na nikiogopa ninakuwa mkali. Unanijua.

Selina


Wodi ya upasuaji wanaume, kitanda cha nane
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Selina,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Jumatano. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kukuandikia kutoka mahali ambapo naweza kuliona paa la ofisi yako. Kutoka kitanda changu hadi maabara ni hatua mia mbili, nimemuuliza muuguzi. Nampa yeye akuletee. Tuone itachukua siku ngapi.

Nyumbani hawajambo. Kwa Bibi yako nimesema naendelea vizuri, maana nikisema vinginevyo atatuma kopo kwa meli ya kesho.

Nakueleza ya huku kwa kuwa huji kuyaona. Nililazwa Jumatatu tarehe ishirini na tano. Ulichukua usaha wangu siku ileile, nikakuona unavyobeba kile kichupa, nikajivuna. Lakini saa kumi jioni sinia ilipita. Nikamwambia muuguzi kwamba mimi ni mgonjwa wa kitabu, nangoja majibu ya mpwa wangu. Akasema majibu yatanikuta nikiwa nimeshaanza. Kwa hiyo nilidungwa seftriaksoni kwa usalama, kama wanavyosema. Majibu yako yalikuwa tayari Ijumaa Kuu. Fomu ikakaa kwenye trei hadi Jumanne baada ya Pasaka, kwa sababu karani alikuwa mapumzikoni. Vimelea havikwenda mapumziko. Na Jumanne, karatasi yako iliposema kwamba vimelea vyangu ni vipole, vinakufa kwa dawa ya kawaida ambayo hata Obedi anayo, daktari akasema kwa kuwa sindano imeshaanza, tuimalizie tu.

Sikuandika haya ili kukusimanga. Kwa wiki moja nilikuwa napata nafuu kweli. Kisha Jumanne iliyopita homa ikarudi, mguu ukavimba upya na sasa una harufu ambayo majirani zangu kwa adabu wanasema hawaisikii. Jirani wa kulia, mzee Mhoja wa Misungwi, yule aliyechomwa na pembe ya ng'ombe wake mwenyewe, hasikii tena chochote. Alitutoka Alhamisi asubuhi. Mchana kitanda chake cha tisa kilikuwa na mtu mwingine mwenye goti. Ilipofika saa kumi, sinia ikapita.

Jana Daktari Nathaniel alikaa pembeni ya kitanda changu, akaniita baba, akaongea kwa upole sana. Nikajua kuna jambo. Anasema hali isipobadilika hadi Ijumaa, ataukata mguu chini ya goti. Mimi ni mtu wa kusimama dirishani, Selina. Nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na moja. Sijui kuishi nikiwa nimekaa, hata kwenye mninga.

Usaha wa pili ulichukua hiyohiyo Jumatano. Sijakuona tangu hapo, umemtuma mwenzako. Nimekukosea nini?

Yeremia


Maabara
17 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku tatu. Samahani, nimekuwa na kazi nyingi.

Nakuandikia majibu badala ya kuja kuyasema, kwa sababu nataka uyasome taratibu.

Sahani yako ya kwanza, ya mwezi wa tatu, ilikuwa nzuri kuliko sahani zote za wiki ile. Pamoja na kopo na yote uliyomeza, vimelea vyako vya Nansio vilikuwa vinakufa kwa dawa kumi kati ya kumi na mbili. Nilicheka peke yangu. Sahani ya pili haina duara hata moja. Dawa kumi na mbili, na vimeota hadi kwenye ukingo wa karatasi, ikiwemo ile ya sindano ya saa kumi. Hivi si vile ulivyokuja navyo. Ni vingine kabisa. Vimeletwa kwenye kidonda chako hapahapa wodini, na sindano ilikuwa imeshaua vile vipole vyote, kwa hiyo vilikuta nyumba tupu.

Jana asubuhi nilifungua friji ya maabara nikatoa kila kitu. Chini kabisa, nyuma ya boksi la mtu aliyestaafu, kulikuwa na kichupa cha vikaratasi vya kloramfenikoli, kimebakiza miezi miwili kuisha muda. Ndiyo ileile uliyokuwa ukitumezesha utotoni kwa homa ya matumbo. Niliweka kikaratasi kimoja kwenye vimelea vyako, na leo asubuhi nimeangalia. Kuna duara, Mjomba. Kubwa, safi, nimelipima kwa rula mara nne.

Hakuna daktari aliyeiandika hapa kwa miaka mingi, kwa hiyo vimelea vya humu havikupata sababu ya kujifunza kuikwepa. Imebaki na nguvu kwa kuwa ilisahauliwa. Duka letu la dawa halina. Nimezunguka mjini mchana wote hadi kwa Mzee Sadru, mwenye famasi nyuma ya soko, ambaye baba yake na babu yake walikuwa hapohapo. Alicheka. Alisema hajaulizwa dawa hiyo kwa miaka sita na alikuwa anataka kuiondoa kwenye orodha. Anazo chupa za sindano na vidonge vya kumalizia, na tarehe zake bado.

Daktari Nathaniel amekubali. Ijumaa ataangalia mguu kwanza kabla ya kuamua. Dawa hii ina ubaya wake, inaweza kuharibu damu, ndiyo maana iliachwa. Nitakupima damu kila siku ya tatu. Ukiruhusiwa, utameza vidonge vyote, hadi cha mwisho, hata ukiona mguu unacheza ngoma.

Hujanikosea kitu.

Selina


Nansio, Ukerewe
9 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba kwa barua ya mwezi uliopita. Tu wazima kwelikweli safari hii. Nimesimama dirishani wiki ya tatu sasa, kwa fimbo, lakini kwa miguu miwili. Kigoda nimempa Bibi yako. Dozi nimeimaliza. Bibi anakusalimu sana, anasema usiulize habari za kopo.

Nimerudi kisiwani nikiwa mtu mashuhuri. Kila anayepita anataka kuona mguu. Ninauonyesha, na wakishauona wanauliza dawa. Mimi kwa upumbavu wa mtu aliyepona niliitaja kwa jina. Nilieleza vizuri kabisa, kwa mifano, kwamba iliniponya kwa sababu ilikuwa haitumiwi na watu. Walisikiliza kwa makini sana, wakitikisa vichwa, kisha wa kwanza akasema, "Mwalimu, nipe nne."

Sina na siuzi. Nimewaambia hata ningekuwa nayo wangeleta karatasi ya daktari. Basi wamevuka barabara. Obedi amemwagiza mtu mjini, amepata boksi zima, na amebandika tangazo kwa maandishi makubwa: DAWA ILIYOMPONYA MWALIMU IPO HAPA. Ana makosa mawili ya herufi. Nimejizuia.

Wanaimeza kwa mafua, Selina. Wanaimeza kwa uchovu. Mama mmoja amemkorogea kuku.

Barua yako ya tarehe kumi na saba Aprili niliisahihisha nikiwa bado kitandani, nakurudishia sasa. Makosa ni mawili, madogo. Pale ulipoandika "Vimeletwa kwenye kidonda chako hapahapa wodini" sikuona kosa, ila nimeandika swali pembeni kwa wino mwekundu, kwa mazoea ya darasani. Nimeandika: Na nani? Huna haja ya kujibu. Mwalimu huuliza tu.

Mjomba wako,
Yeremia


Kiseke, Mwanza
30 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Gladness amefaulu mtihani wa nusu mwaka. Amekuwa wa tatu. Mengine ya nyumbani ni yaleyale.

Swali lako nimekaa nalo majuma mawili. Nitalijibu.

Ni mimi.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe tano Aprili, mchana. Nilikuja wodini kuchukua usaha wa mzee Mhoja. Glovu yangu ilichanika nikiwa bado nashika bendeji yake, nikaivua nikamalizia kwa mkono. Bomba la wodi lilikuwa halitoi maji. Kitakasa mikono pale ukutani kilikuwa kimekwisha tangu Jumatatu, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu fomu ya kamati ya wiki ile niliijaza mimi. Niliweka tiki kwenye "kimejaa". Niliiweka nikiwa mezani kwangu, kwa kuwa wiki iliyotangulia kilikuwa kimejaa.

Kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni mwisho wa korido. Nilikuwa naiendea. Nikasikia unaniita. Nikageuka, nikapiga goti nikakuamkia, ukaniitikia mbele ya wodi nzima, ukasema, "Selina, hebu nilegezee hii bendeji, inanibana." Wote wakanitazama. Nikafikiri nikisimama sasa niende kunawa halafu nirudi kukugusa, itaonekana namwonea kinyaa mjomba wangu aliyenisomesha. Kwa hiyo nililegeza. Ilinichukua muda wa kuhesabu hadi kumi.

Nilipootesha ya kwako nikaiweka sahani yako kando ya ya mzee Mhoja. Zilikuwa pacha. Yeye alifariki tarehe kumi na moja, siku tano kabla sijatoa vitu kwenye ile friji. Friji ilikuwepo wakati wote, na kichupa kilikuwamo. Kwake sikukitafuta. Kwake niliandika "hakuna dawa", nikapiga muhuri, nikaenda kwenye kikao.

Ndiyo maana sikuja. Ningewezaje kusimama pale nikikuona unanifurahia? Nimekuhubiria habari za wavuvi na kopo tangu mwezi wa pili, na iliyotaka kukukata mguu ni mikono hii. Ukatibu nimeurudisha. Mwenyekiti amesema nisiwe na haraka, kwanza nijaze fomu.

Nisamehe, Mjomba. Na ukiona makosa humu usiyahesabu, nimeandika nikilia.

Selina


Nansio, Ukerewe
21 Julai 2024

Mwanangu Selina,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Mimi nitakueleza.

Nakurudishia barua yako. Utaona haina wino mwekundu mahali popote. Ni mara ya kwanza. Nimeisoma mara nyingi, na pale penye machozi palifutika maneno mawili ambayo nimeyajaza mwenyewe kwa wino wako wa bluu ili isionekane.

Nilikuona. Nilikuona ukivua glovu, nilikuona ukielekea kwenye ndoo. Bendeji haikuwa inanibana. Nilikuwa nimewaambia wale wazee wa wodi kwamba mtaalamu wa maabara ni mpwa wangu, hawakuamini, na Mhoja, Mungu amrehemu, alicheka hadi akakohoa. Nikataka waone. Nikataka upige goti mbele yao na unishike mguu. Kwa hiyo nilikuita. Nikiwa na cheti changu cha kozi, ambayo somo lake la kwanza kabisa ni kunawa mikono, nilikuita usinawe. Kwa hiyo swali la Na nani? lilikuwa langu, nikaliandika kwenye karatasi yako. Ni tabia mbaya ya walimu.

Mhoja mbebe, usimtue. Mimi nitakusaidia upande mmoja. Lakini rudi kwenye ukatibu, na fomu uijaze ukiwa umesimama mbele ya kile kitakasa mikono.

Sasa la kwangu. Nilikuandikia kwamba dozi nimeimaliza. Sikuimaliza. Mguu ulikauka, ngozi ikafunga vizuri, vilikuwa vimebaki vidonge sita. Nikafikiri jinsi ulivyozunguka mji mzima kuitafuta, nikaona ni dhambi kuimeza mtu akiwa mzima, bora ibaki kwa ajili ya atakayeugua kwetu. Labda Gladness. Labda wewe. Nikavitia kwenye kopo. Bibi yako alinitazama akaniambia, "Umefanya vizuri mwanangu," na mimi, mwenye miaka sitini na sita, nikafurahi. Vidonge viwili amekwisha kumpa katekista, ana mafua. Vinne vilivyobaki vimo ndani ya bahasha hii.

Tangu Jumapili iliyopita kifundo kinaniwasha. Juzi bendeji ililowa. Leo asubuhi nimevaa kandambili moja. Huku kwa Obedi boksi la tatu limeisha, na tangazo bado lipo, kwa hiyo sijui safari hii sahani yako itasema nini. Ninaogopa, nami nikiogopa huwa natania, unanijua.

Kopo nimelitoa. Bibi yako alilia kidogo, kisha akaliosha na kupandia vitunguu.

Kalamu nyekundu nayo imo kwenye bahasha, wino wake umebaki kidogo. Anzia na mimi. Nitapanda meli ya Alhamisi asubuhi. Nisubiri bandarini ukiwa na ndoo ya maji na sabuni, unawe mbele yangu na mbele za watu wote, mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko, bila haraka. Halafu ndipo uniamkie.

Yeremia